Ngoma Yako Imetupanga Safu

Kijiji cha Kiranjeranje,
Kilwa.
14 Oktoba, 1975

Mpendwa Kaka Rashidi,

Shikamoo. U hali gani huko Dar es Salaam, wewe na wifi na watoto? Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Tumefunga salama na Idi tumeila. Mama kifua kilimsumbua kidogo, sasa amepata nafuu. Korosho zimeanza kuanguka, na zamu za shamba la ujamaa zinatuchosha kama kawaida.

Kaka, kabla ya mfungo gari la sinema lilikuja. Shuka ikatundikwa ukutani mwa shule, na filamu yako ya ngoma tukaiona wote, mpaka wale wasemao sinema ni haramu walijibanza nyuma. Ulipoonyesha miguu peke yake ya yule msichana anayeongoza, Mzee Likwata mpiga msondo aliruka, akamtaja mama: "Mwanaheri huyo!" Kweli, ilikuwa hatua ya mama yetu tupu, umeitia katika miguu ya mtoto wa watu asiyemjua. Mama alijifunika kanga usoni akalia. Nami nililia. Umetutoa kimasomaso.

Tangu hapo vijana hawana mwalimu ila wewe. Hata shingo wanazigeuza kama wachezaji wako. Ila na safu nazo wamezichukua. Wewe uliwapanga watu safu ili mashine ya picha iwaone, hilo nalielewa. Wao wanadhani ndivyo ngoma ichezwavyo siku hizi, basi siku ya Idi wakajipanga, wote wameelekea ukuta wa shule. Ukuta mtupu, kaka! Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha nikamwona mama. Unajua mahali pake ni katikati ya duara, karibu na msondo, yeye akitoa wimbo na wenzake wakimzunguka. Safari hii alikuta migongo. Alingoja kidogo, akaenda kukaa na watazamaji. Hakuna aliyemkosea kwa makusudi, lakini roho iliniuma.

Yeye halalamiki. Anasema filamu ni nzuri na mwanawe ana akili. Nilipomkumbusha kuwa harusi ya Ziada wangu ni mfunguo pili, na bibi ndiye wa kumchezea mjukuu, alinijibu: "Mwanangu, nyumba za ujamaa zilipangwa safu, nikahama. Ngoma nayo ikipangwa, mie nitakaa tu."

Vijana nimewasema, hawanisikii. Basi njoo harusini, kaka, na mashine uiache huko huko. Watakuwekea kiti cha mgeni rasmi, usikikalie. Mshike mama mkono, umsimamishe katikati, uanze kumzunguka wewe mwenyewe. Watakufuata, kwani kila ufanyalo wanaliiga.

Shemeji yako Hasani anakusalimu, na Ziada, na Mzee Likwata anayejisifu kwamba yeye ndiye aliyekupigia msondo wa kwanza. Mola akulinde na akufungulie njia ya huku.

Mama hajui kwamba nimekuandikia. Jana asubuhi nilimkuta uani peke yake, anajifunza kucheza kisafu, ameelekea ukuta kama wale vijana. Mama yetu, kaka, anajifunza upya ngoma yake mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Sada