Taa za Nyuma za Lori la Idi

Kasungami, Lubumbashi

Kwako Dada Zuhura,

Assalamu alaykum, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia, au bado unaswali kwenye kiti? Sisi huku tunashukuru. Mke wangu Asha anakohoa kwa vumbi la kiangazi, lakini si la kulalamikia. Mwanao Idi ni mzima kabisa. Nalisema hilo mapema ili yaliyobaki uyasome umetulia.

Naandika kwa sababu kila nikianza kukueleza kwenye simu, unanikatia. Barua haikatwi, Dada. Ukiitupa, utaiokota. Mzee Sefu, mwuza vitenge jirani yangu, anapita Kalemie kuvuka ziwa kuja huko Ujiji, naye kakubali kuibeba pamoja na kifurushi nitakachokieleza.

Kwanza, Idi hajaua mtu. Aliyekuletea habari hiyo kaitia chumvi mpaka ikawa hailiki. Ilikuwa hivi. Idi alikuwa anatoka Pweto na lori, jioni, kwenye njia ya upande wa Lukafu. Mbuzi wakakatiza, akakanyaga breki. Nyuma yake palikuwa na mtu wa pikipiki aliyebeba gunia la makaa. Mtu yule hakuona taa yoyote ikiwaka, akaingia nyuma ya lori na mguu wake ukavunjika. Idi alimpakia mwenyewe hadi hospitali, na akawa anakwenda kumwona mpaka alipotoka. Sasa anatembea kwa fimbo. Mwanao analala chumba cha pili hapa kwangu, na Asha humsikia akishtuka usingizini.

Uliniuliza, "Wewe mjomba mtu, kazi yako nini huko?" Kazi yangu ni umeme wa magari, Dada, na nililoliweza nimelifanya.

Mwenye lori, Patron Kambale, ni mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, Mkristo mpole anayependa kunyamaza. Baada ya ajali alilileta lori gerejini kwangu akasema, "Papa Rajabu, utengeneze ma-stop na ma-clignotant yote. Sitake tena kusikia muntu alianguka ju ya camion yangu." Alimaanisha taa za breki na indiketa, na "ju ya camion" kwao ni kwa sababu ya lori. Nikafurahi, maana ni mara chache mwenye gari kukumbuka taa za nyuma. Wengi hukumbuka honi.

Lori lenyewe lilikuwa la jeshi. La jeshi gani, hakuna ajuaye. Ukilikwangua unakuta rangi ya majani, chini yake ya mchanga, chini tena ya majani. Kwenye dashibodi lina swichi nzito yenye nafasi ya kujificha: ukiiweka hapo, breki na indiketa haziwaki tena nyuma, ili adui asilione. Halafu waliolitengeneza walikuwa mabahili. Balbu moja ya nyuma inafanya kazi ya breki na ya indiketa pia, kwa hiyo swichi ya indiketa ikiharibika, na breki nayo inakuwa gizani. Juu ya hayo, kuna fundi aliyekosa balbu za volti ishirini na nne, akachukua mbili za volti kumi na mbili akaziunga kwa kufuatana. Moja ikiungua, nyenzake inazima papo hapo hata kama ni nzima. Ndivyo zilivyokuwa siku ile ya mbuzi.

Niling'oa kila kitu. Nikapitisha waya mpya ndani ya bomba kutoka kwenye kanyagio la breki hadi nyuma kabisa, nikakwangua kutu mpaka chuma kikang'aa ili umeme upate njia ya kurudi, nikatenga taa za breki mbali na za indiketa. Ile nafasi ya kujificha nikaiziba kwa skrubu. Gari hili lilitengenezwa lisionekane, nami nilitaka lionekane kutoka mbali. Idi alikaa kwenye usukani, mimi nikasimama nyuma. "Kanyaga," nikamwambia. Zikawaka nyekundu, zote mbili. "Kushoto." Ikapepesa. "Kulia." Ikapepesa. Asha alitoka jikoni kutazama, akapiga kigelegele mchana kweupe, majirani wakadhani tumepata mtoto. Siku hiyo nililala kama mtu aliyetimiza ahadi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninaposhindwa.

Huku kuna desturi ya malori ambayo haikuandikwa popote na kila mtu anaiheshimu. Mzigo ulio ndani ya bodi ni wa mwenye lori. Kinachoning'inia nje, nyuma ya mlango, ni cha dereva. Magodoro, mabeseni, vikapu vya kuku, mafurushi ya samaki wakavu, chochote kinachoweza kushikwa na kamba ni riziki yake. Patron mwenyewe akikagua mzigo huishia mlangoni. Hazunguki nyuma, asije akaonekana anachungulia mfuko wa mtu.

Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga Idi. Nikakuta nyuma ya lori hakuna taa, kuna magodoro na mabeseni kutoka juu hadi chini. Taa zangu zilikuwa huko ndani, zinawakia mabeseni.

"Idi," nikamwambia, "umefunika taa."

"Mjomba, ya nyuma njo yangu. Ya ndani iko ya patron. Nikitosha hii, nitabakia na nini?" Njo kwao ni ndiyo, na kutosha ni kuondoa.

Nikamfuata Patron Kambale. Alikuna kidevu, akatazama chini. "Ile ya nyuma haiko yangu, Papa. Mi nikiingilia, atasema ninamunyima chakula." Na kweli, Dada, kwa desturi ya hapa asingeweza kusema lingine.

Nikasema basi, fundi hashindwi na kamba. Lori liliporudi nilizihamisha taa juu, kwenye vyuma vya turubai. Idi alinishikia ngazi, akanisifu, akanilisha karanga. Safari iliyofuata palikuwa na godoro limening'inizwa kutoka juu huko huko, kwa kuwa vyuma vya taa yangu vilifaa kufungia kamba.

Hapo nikapandisha sauti, sauti ya mjomba. Nikamtaja yule mtu wa fimbo. Idi hakubisha. Macho yalimjaa machozi. Kisha akaniuliza polepole, kwa Kiswahili chake hiki cha Lubumbashi ambacho ungekicheka, "Mjomba, ile bati mupya ya nyumba ya mama, unazania ilitoka wapi? Na jikoni bado inavuja."

Sikulaumu, Dada. Ulipopokea mabati ulipokea heshima ya mwanao, na mama gani angeuliza yalipanda kwa kamba ipi? Lakini ningekuficha, ningekuwa mjomba gani?

Sasa kila anapoondoka nafika ukingoni mwa lami. Kuna tuta pale, kila gari hupunguza mwendo. Naona lori linanyong'onyea, najua amekanyaga breki, najua taa zinawaka kwa sababu nimezifunga kwa mikono yangu. Ninachokiona ni godoro. Baada ya hapo simu haishiki huko njiani, nasi tunakaa na Asha tunajifanya tunazungumza mambo mengine. Naogopa, Dada. Natengeneza taa za watu kutwa nzima, na mtoto wako anakwenda gizani.

Ninakuomba umwambie kuwa jiko linaweza kungoja. Najua linavuja, najua masika yanakuja na goti lako halipendi unyevu. Huenda hata wewe hatakusikia. Lakini mimi maneno yameniishia, na waya pia.

Nisalimie mama mkwe wangu, mwambie binti yake anamkumbuka kila akisonga ugali. Msalimie shemeji Hamisi, mdogo wa marehemu mumeo, na mwalimu wetu wa madrasa, naomba amtaje Idi katika dua zake. Na yule jirani fundi baiskeli aliyekuletea habari ya uongo, msalimie pia, kwa kuwa hakukosea sana.

Kifurushi anachokuletea Mzee Sefu ni samaki wakavu wa Pweto. Nilimwambia Idi kuwa kupeleka samaki Ujiji ni kichekesho. Akasema hawa wa ziwa Mweru wana ladha yao, na mama lazima aonje. Alirudi nao juzi, salama, alhamdulillahi. Walisafiri njia nzima wakining'inia nje, upande wa kushoto, mbele ya taa ya breki. Asha aligoma kuchukua hata mmoja. Mimi nimewafunga vizuri kwenye gazeti na kitambaa, kwani ni zawadi ya mwana kwa mama yake, na sikujua la kufanya nao zaidi ya hilo.

Ndimi mdogo wako uliyenibeba mgongoni,

Rajabu