Vile Vijiwe Si Alama za Mipaka

Adelaide,
14 Aprili 2009.

Mpwa wangu mpendwa Tsvetana,

Huu ni mwaka wa arobaini na nane tangu niondoke Dabravets, na sijawahi kupata barua iliyoninyanyua kitini kama yako ya jana. Lakini salamu kwanza. Hujambo, mwanangu? Mgongo wa mumeo Asen umepata nafuu? Mizabibu imechipua? Mimi ni mzima, ila magoti hunisema kila nipandapo ngazi.

Sasa sikiliza. Unasema kampuni ya umeme wa jua itasawazisha kiwanja cha zamani cha ndege za kivita mwezi wa sita, na kwamba vichakani, mwisho wa barabara ya kurukia, mmekuta safu za vijiwe vifupi ambavyo meya anaviita alama za mipaka. Tsvetana, hayo ni makaburi! Ni makaburi yetu! Bibi yako, mama yangu mzazi, amelala hapo.

Kiwanja kilipojengwa mwaka 1951, kijiji kilihamishwa, makaburi yakabaki ndani ya uzio. Tuliruhusiwa kuingia Jumamosi ya Wafu tu, na siku hiyo ndege hazikuruka. Wanawake walibeba divai na ngano ya kuchemsha ya kuwakumbuka marehemu, na wajua mwenyewe kwamba chakula cha marehemu hakikataliwi. Basi askari wa lango walikula wote. Kanali, mwanachama mkereketwa wa chama cha kikomunisti kisichotaka dini, akakunja uso. Jirani yetu, bibi Gana, akamsogezea kijiko.

"Kula, baba. Hatujakuomba usali, tumekuomba utafune."

"Na wakubwa wakiniona?"

"Waambie ulikuwa unakagua kama ina sumu."

Akala. Akaomba tena!

Kisha mwaka 1958 zikaja ndege za jeti. Zilipotua zilipita chini mno juu ya makaburi, ikatoka amri: msalaba wowote usizidi urefu wa goti. Ama tuikate wenyewe, ama trekta liing'oe. Babu yako alikuwa mwashi. Aliikata yote kwa patasi, mmoja mmoja, akimwomba radhi kila marehemu kwa jina lake. Ndiyo maana mnaona vijiwe visivyo na mikono. Mwaka uliofuata kutoroka kwangu, lango lilifungwa hata Jumamosi ya Wafu, hata kwa wanawake. Mama yako alikuwa bado mtoto. Hakuwa na la kukusimulia.

Mkimbilie meya leo hii, kabla matrekta hayajafika. Chimbeni kwenye shina la kila kijiwe. Babu yako aliyachonga majina upya huko chini, na udongo wa miaka yote hii umeyafunika. Cha mama kimechongwa pia kishada cha zabibu. Ukisoma "Nedelya", ndilo jina lake, piga picha, peleka kwa padri, peleka gazetini. Jina likishaonekana, nani atathubutu kusema ni mpaka wa shamba?

Nisalimie Asen, na wanao Yavor na Milka. Mungu awajalie mikono ya kuchimba na ulimi wa kudai.

Umeniuliza kama nitakuja kukuonyesha mwenyewe. Hapana, mwanangu. Mke wangu amezikwa hapa, na nafasi yangu iko kando yake. Sitarudi.

Akupendaye toka mbali,
Mjomba wako Velizar