Kwa Nini Nyekundu Hukaa Juu

Baba Neema mpenzi,

Leo nimerudi mtaa wa Guangyuan Xilu peke yangu, kwenye lile duka la sketi za marinda. Laoban, yule mama mwenye duka, aliniuliza mwalimu yuko wapi. Nilimwambia umefariki. Akanisogezea kiti.

Unakumbuka ulivyonichosha hapa? Mwalimu wa fizikia hastaafu, hata akija Guangzhou kumsaidia mkewe kufunga mizigo. Uliona picha za aurora kwenye simu, ile mianga ya angani karibu na ncha za dunia, ukachukua kalamu nene ya kuandikia majina kwenye marobota, ukaanza kunichorea juu ya robota letu. Kwanza upinde uliotulia. Halafu pazia lenye marinda, miale iliyosimama wima, na mwisho taji, ambalo mtu huliona mianga ikiwa juu ya utosi wake. Ukasema jua hurusha chembe zenye umeme, usumaku wa dunia huzielekeza kwenye ncha, nazo zikigonga hewa, hewa inang'aa. Kijani ni oksijeni.

"Nyekundu nayo ni oksijeni hiyo hiyo, ila hukaa juu kabisa. Sasa sikiliza kwa nini."

Mchukuzi alishafika na kitoroli. Nikakukatisha: "Baba Neema, mimi nauza nguo, siuzi anga."

"Sawa, mama," ulisema, ukafunika kalamu.

Hatukuona kwamba taji lako limefunika jina letu. Kule bandarini Huangpu robota likakosa mwenyewe, meli ikaliacha. Nilikununia njia nzima mpaka Iringa, na nyumbani nikaendelea, nikijua nitakusamehe nikishapoa. Wiki ya pili moyo wako ukasimama. Robota lilikuja baadaye, likauzwa lote. Inaniuma sana, mume wangu.

Jana binti yetu alinipigia. Amekuta michoro ile ile kwenye daftari lako, na maneno mawili: "nyekundu, juu". Akauliza kwa nini. Nikatafuta. Kumbe oksijeni huhitaji dakika nzima au zaidi ya utulivu ndipo itoe mwanga mwekundu. Juu hewa ni kidogo, oksijeni inaachwa itulie. Chini inagongwa na hewa nyingine kabla haijautoa.

Nilipomaliza kumsomea, Neema akauliza kama ndivyo ulivyonieleza.

Nikamwambia ukweli, kwamba sikukuacha umalize.

Nisamehe, na upumzike, mwalimu wangu.

Mkeo,
Mama Neema