Ni "hearing", si "hear"

Jumatano, saa moja jioni

Nilikuwa sahihi. Nimelisema neno hilo kwa sauti humu chumbani kwangu, mtaa wa Majimbo, mpaka jirani akagonga ukuta.

Kwa miezi mitano Bwana Njeru, mkuu wetu wa ofisi, amekuwa akinirudishia barua ninazopiga taipu. Mwishoni naandika, "I look forward to hearing from you." Yeye anakata "hearing" na kuandika "hear". Nilibadilisha na kunyamaza, maana sijathibitishwa kazini bado na fomu yangu iko mezani kwake.

Leo akanisimamisha mbele ya wenzangu, barua nyingine mkononi. "Kendi, huko shule ya Kaaga mlifundishwa Kiingereza gani?"

Hapo nikachoka. Nikatoa kitabu changu cha sarufi cha shuleni, nikamfungulia ukurasa. "Mzee, naomba usome hapa."

Alisoma mara mbili. Nikamfikiria mama, anayeuza ndizi soko la Gakoromone, na vile nitamweleza nikifukuzwa kwa sababu ya neno moja…

Akavua miwani. "Mimi nimeandika hivyo miaka yote," akasema polepole. Kisha akarudisha "hearing" kwa mkono wake mwenyewe na kutia sahihi.

Fomu yangu hakuitaja. Hilo bado linanisumbua.

Lakini saa kumi alikuja mezani kwangu na barua yake ya kuomba kupandishwa cheo. "Nisomee kwanza," akasema kwa sauti ya chini, "kabla sijaituma."

Nimepata makosa manne. Kesho nitamwonyesha yote.