Mtu wa Kwenye Kioo

Quakers Hill, Sydney
14 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Venant,

Jambo sana kutoka huku kwenye baridi. Goti lako linaendeleaje? Habari za vita huko kwetu Kongo tunazozisikia zinatunyima raha, kwa hiyo usinifiche kitu. Sisi ni wazima, Mungu anasaidia. Trésor wangu amepata kazi ya ghala kule Wetherill Park, na amerefuka mpaka anainama mlangoni.

Mjomba, kuna jambo linanitisha. Bibi Miriam, yule mzungu mzee ninayemtunza, alitualika chai Jumapili. Akamwomba Trésor amshushie sanduku aliloachiwa na marehemu babu yake mzungu. Mlikuwa na taa ya kale ya kumulika picha ukutani, na picha zenyewe ziko kwenye vioo. Ni za maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Ulaya zamani: majumba meupe kama keki za arusi, chemchemi, wanawake wenye miavuli. Nilifurahi, sikatai.

Kisha kikaja kioo chenye ua wa miti, na ndani ya ua amekaa kijana mweusi. Wazungu wote wanamtazama yeye. Yeye anatutazama sisi. Trésor aliposimama kunyoosha taa, sura ile ikamwangukia usoni, nisijue tena ipi ni ya mwanangu. Nilipiga yowe. Alipokaa akaiona mwenyewe ukutani, akaniuliza: "Maman, why does he look like me?" Yaani, mbona yule anafanana naye?

Unakumbuka Bibi, mama yako, alivyosimulia juu ya baba yake mkubwa, aliyepelekwa Ulaya kuonyeshwa, asirudi? Matanga hayakuwekwa. Jina lake hakupewa mtoto yeyote, maana aliye njiani jina lake halichukuliwi. Sisi wadogo hata kulisikia hatukulisikia.

Huenda nimekosea, watu hufanana. Lakini kwenye vioo vile kila kitu kimeandikwa jina, hata tembo wa maonyesho. Kwake imeandikwa "Mtu wa Kongo", basi.

Bibi Miriam amenipa kile kioo. Nimekifunga kwa kitenge. Trésor hakanyagi chumba kilimo, nami kila nikiingia napiga hodi. Ucheke ukitaka.

Wasalimie wanao, Kyakimwa na Rodrigue. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Mjomba, umebaki wewe tu unayelijua lile jina. Kusanya watu, mmlilie, halafu unipigie simu unitajie. Nataka nifungue kitenge nimwite kwa jina lake, nimwambie watu wa kwao wamemwona.

Mtoto wa dada yako, akupendaye daima,
Katungu