Isale Ulilolipanda Wewe

Mama Aikande, mke wangu,

Daktari amenitazama kwa upole uliozidi, nami nikaelewa. Nakuandikia kabla mkono haujaikataa kalamu, maana kuna neno moja nililolisema mbele ya wazee ambalo sitaki kufa bila kulipatia jibu.

Unaikumbuka siku ya mpaka? Ni miaka ile watu wa Kirua Vunjo walipoanza kung'oa kahawa na kupanda nyanya, kila mtu akawa anakitazama upya kihamba chake, shamba la urithi. Mzee Eliau, jirani yetu wa upande wa juu, alidai tumeingia kwake. Wazee wakaja. Mimi, mwalimu wa falsafa, nikashika jani la isale, nikauonyesha mmea wenyewe uliosimama mpakani kati ya migomba. "Najua," nikasema. "Isale hili alilipanda marehemu baba, akanionyesha nikiwa mtoto." Kwetu mtu hashiki jani lile akacheza na maneno. Wazee wakachimba, wakalikuta chini yake jiwe walilozika baba zetu. Mzee Eliau akacheka: "Haya, mwalimu, leo umefaulu wewe!" Tukanywa mbege pamoja.

Njiani kurudi nyumbani ukaniuliza, "Baba Aikande, ulijua kweli?"

"Si umeliona jiwe?"

"Jiwe nimeliona. Ila isale la baba lilikufa zamani. Ng'ombe wako alitoroka bandani akalikanyaga, wewe uko chuoni Moshi. Lile nililichomeka mimi."

"Mahali ulipajuaje?"

"Nilichomeka tu. Mbona umeduwaa, mwalimu mzima? Ulipatia, hukujua!"

Ukacheka mpaka ukashika mgomba usianguke.

Kicheko hicho kilibomoa somo langu. Nilikuwa nikifundisha kwamba kujua ni kuamini jambo la kweli ukiwa na sababu nzuri. Niliamini, lilikuwa kweli, sababu nilikuwa nayo. Na bado sikujua!

Tulibishana wiki nzima jikoni, wewe ukimenya ndizi za mtori. Nilisema kila imani husimama juu ya nyingine, mpaka tufike kwenye msingi usiohitaji kushikiliwa. "Na huo msingi umejuaje kwamba ni msingi?" ukauliza, kwa sauti ile uliyowafundishia watoto hisabati. Nikahamia kwa wale wanaosema imani hushikiliana zenyewe kwa zenyewe, kama fito za nyumba. "Uongo uliopangwa vizuri nao hushikana hivyo hivyo." Kisha ukaweka kisu chini. "Usimuulize mtu sababu tu. Muulize imani yake imemfikia kwa njia gani, na kama njia hiyo huwa inapotosha." Nimesoma vitabu vingi juu ya jambo hilo. Sijakutana na mahali lilipowekwa wazi namna ile.

Ila swali lako lilibaki. Nilishika jani, nikasema "najua". Je, ilikuwa bahati tu?

Siku hizi kitanda changu kiko dirishani. Kila asubuhi namwona binti yetu akikata majani ya ng'ombe kandokando ya mpaka, kama ulivyokuwa ukifanya kabla ya kwenda shuleni. Jana nikamuuliza, "Aikande, unajuaje pa kuishia, usivuke kwa Mzee Eliau?"

"Baba nawe! Si najua tu? Miguu imezoea."

Hakuwa na sababu nyingine, wala hakuona kwa nini aitafute.

Hapo nikakuona wewe, umeinama na mundu, mwaka baada ya mwaka, kwenye mstari uleule. Hukuchomeka tu, mke wangu. Mkono wako ulikwenda mahali ambapo miguu yako ilikuwa imepajua siku nyingi. Ulijua, ukadhani umebahatisha. Na kama wewe ulijua, basi ishara niliyoitegemea ilikuwa ya kuaminika, na neno langu kwa wazee halikuwa tupu. Nilikosea tu jina la aliyenijulisha: nilimtaja baba, kumbe ni wewe.

Sina jiwe la kulithibitisha hili. Naliamini tu, na limenifikia kwa njia ambayo haijawahi kunipotosha, yaani wewe. Ukiona nimekosea, niwekee ubishi. Nakuja huko ulikonitangulia.

Mumeo,
Baba Aikande