Viatu Vyako vya Bustanini

Mpendwa Mjomba,

Sijawahi kumwambia mtu, lakini viatu vyako havikuibwa na watu wa jiji lile tulilotembelea. Nilivichukua mimi.

Siku tatu tulizunguka minara na mikahawa, nawe ukiniahidi maktaba kuu tukishashiba. Siku ya mwisho nikakukumbusha.

“Msomi wewe,” ukacheka mbele ya wahudumu, “vitabu vinaliwa?”

Kisha ukalala kwenye benchi la bustani, viatu chini, tumbo juu.

Nilivitia mkobani, nikavuka barabara hadi maktaba, nikasoma mpaka wakafunga. Niliporudi ulikuwa ukiwahoji wapita njia, soksi zimetoboka. Sikukuonea huruma, hata leo sikuonei.

Jana nilimpa mlinzi wa shule yetu viatu hivyo. Vimemkaa sawasawa.

Mpwa wako,
Msomi